Shajara ya mradi: Lushoto mpaka Mtae kwa miguu

Aprili, masika bado inapiga

Naanza kuandika mapema, kabla hatujanunua hata soksi, ili mtu mwingine akitaka kufanya kitu kama hiki aone sisi tulipitia wapi. Mradi wenyewe ni kutembea kutoka Lushoto mjini mpaka Mtae, kule mwisho kabisa wa Usambara Magharibi, pale mlima unapokatika ghafla na ukichungulia chini unaiona tambarare yote ya Mkomazi. Tuko watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume aliyemaliza chuo juzijuzi, na kaka mmoja ninayefanya naye kazi hapa Moshi ambaye miaka ya nyuma alikuwa mgumu, yaani mpagazi wa Kilimanjaro, amebeba mizigo ya wageni Machame na Marangu mpaka goti likamwambia basi. Huyo ndo mwalimu wetu.

Watu wananiuliza kwa nini Usambara wakati mlima upo hapo nyuma ya nyumba. Kwanza pesa, maana Kilimanjaro ukishalipa ada za hifadhi na mwongozaji na wapagazi na mpishi, hata kwa sisi wananchi ni hela ya kukaa chini na kuipigia hesabu. Lakini zaidi ni kwamba mimi nataka kwenda mbali, sio kwenda juu, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Mlimani unapambana na hewa na baridi na usiku wa kileleni ndo unaamua kila kitu. Kwenye njia ndefu unapambana na kurudia, leo masaa sita, kesho sita, keshokutwa tena, na kitu kidogo tu kinachokukwaruza kisigino asubuhi ya kwanza kinageuka kuwa ndo safari yenyewe.

Nimekuwa nikisoma sana habari za wanaotembea njia ndefu za wenzetu. Ile Appalachian Trail ya Marekani ina kama kilomita 3,500, inatoka Georgia kusini mpaka Maine kaskazini, na huko ndo alikotembea bibi mmoja anaitwa Emma Gatewood mwaka 1955 akiwa na miaka 67, mama wa watoto kumi na moja, amevaa raba za kawaida za Keds, na mzigo wake kwenye mfuko aliojishonea mwenyewe ukiwa na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua. Alimaliza njia yote peke yake, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kwa msimu mmoja. Wengi wakimtaja huwa wanamaanisha kwamba vifaa havina maana. Mimi sikubaliani. Yule alikuwa mama wa shamba, amesimama na kutembea maisha yake yote, na alichagua, tena alichagua kwa ukali sana: kichache, chepesi, anachokijua. Kuchagua vichache ni kazi ngumu kuliko kununua vingi.

Na kwetu hapa watu walitembea mbali kabla ya hayo majina yote. Njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora mpaka Ujiji ni kama kilomita 1,200, na mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu, begani au kichwani, miezi kwa miezi. Tanzania imeiweka njia hiyo kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia tangu 2006. Ukiwaza kilo thelathini kuvuka Ugogo wakati wa kiangazi ndo unaelewa kwamba uzito ni swali la kwanza la mtembeaji yeyote, mengine yanafuata.

Njia tuliyopanga ni ile inayotumiwa na wengi. Unatoka Lushoto unapanda msitu wa Magamba, unatokea upande wa pili mpaka Lukozi unalala, kesho yake Lukozi mpaka Rangwi kwa masista, halafu Rangwi kupitia Sunga mpaka Mtae. Kila kituo kina kitanda na chakula, kwa hiyo hamna hema, hamna jiko, hamna sufuria. Hiyo peke yake inabadilisha hesabu yote ya vifaa. Tutaenda Julai, maana masika inaanza Machi mpaka Mei na vuli inarudi kuanzia Oktoba, na udongo wa Usambara ukilowa ule mwekundu unateleza vibaya mno, hata bodaboda wanaufahamu.

Mei, viatu

Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndo mradi ulipo.

Moshi tuna bahati moja, viatu vya mlimani viko. Vinakuja na marobota ya mitumba, vingine vinaachwa na wageni wakishashuka mlimani, vyote mwisho wake unavikuta soko la Memorial. Tulienda Jumamosi mimi na mdogo wangu na kaka mgumu. Mdogo wangu akaona buti moja ya ngozi, kahawia, safi kabisa, soli ya chini haijalika hata kidogo, akaipenda pale pale. Muuzaji naye akaona.

"Hiyo orijino mdogo wangu, mzungu kaivaa mara moja tu."

Kaka mgumu akaichukua, akaigeuza, hakuangalia ngozi wala soli ya chini. Akaweka kidole gumba kwenye ule mkanda laini ulio katikati, kati ya ngozi na soli ya chini, akabonyeza kwa nguvu. Mkanda ukapasuka. Akabonyeza tena pembeni kidogo, ikaanza kumong'onyoka inaanguka chini vipande vipande, ya rangi ya kijivu, na ndani ilikuwa imegeuka unga. Muuzaji mwenyewe alinyamaza.

"Imekaa sana hii kaka," akamwambia kwa upole, "sio kosa lako."

Akatueleza tukiwa tumesimama pale. Buti nyingi za zamani katikati zimewekwa povu la poliyurethani, na hilo povu linakunywa unyevu wa hewani na kujivunja lenyewe kidogo kidogo hata kama kiatu kipo kabatini, yaani kiatu kilichokaa miaka bila kuvaliwa kinaweza kuwa kibovu kuliko kilichovaliwa kila wiki. Kwa macho kinaonekana kipya. Mlimani ameshaona soli inabanduka nzima mguuni mwa mgeni, wakaifunga kwa kamba mpaka getini. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kufanya Memorial, au Karume, au Gikomba, popote, ni kubonyeza hapo katikati, halafu kukunja kiatu kwa mikono miwili usikilize. Ikilia kama inapasuka, rudisha mezani.

Raba nyingi zina povu la aina nyingine, la EVA, hilo halimong'onyoki hivyo ila linalala, linachoka. Utaliona lina mikunjo mingi ya kulala pembeni, na ukilibonyeza halirudi. Kiatu cha hivyo utakivaa freshi mjini ila baada ya masaa manne ya mawe nyayo zitakuambia.

Sasa buti au raba? Nimesoma mabishano mengi na watu wanabishana kama mpira. Kaka mgumu yeye hakubishana, aliuliza maswali. Begi lako litakuwa kilo ngapi? Njia ina mawe yanayotembea au udongo? Utavuka maji? Umewahi kuteguka? Kwa Kilimanjaro, kule juu kwenye changarawe na baridi, buti, hamna mjadala. Kwa Usambara wakati wa kiangazi, na begi la chini ya kilo nane, raba za njia zenye meno marefu chini zinatosha na zinachosha kidogo, maana uzito wa mguuni unaunyanyua kila hatua. Ila mdogo wangu aliwahi kuteguka kifundo cha mguu akicheza mpira na mpaka leo kinamcheza, kwa hiyo yeye buti inayofunga juu ya kifundo. Mimi raba. Kaka mgumu ana buti zake za siku zote, alizipeleka kwa fundi pale stendi akashonewa soli kuzunguka yote kwa uzi wa nailoni, sio gundi peke yake. Gundi peke yake ikikutana na maji na joto inaachia.

Kupima kiatu kuna namna yake. Tulirudi saa kumi jioni kwa sababu mguu unavimba mchana kutwa, kiatu kinachokaa vizuri saa mbili asubuhi kinaweza kubana saa tisa. Tulivaa soksi zile zile za safari. Unasukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, halafu nyuma ya kisigino kidole cha shahada kiingie. Kisha unafunga kamba vizuri na kutafuta mteremko, sisi tulitumia ukingo wa mtaro pale sokoni, unasimama umeinama kuelekea chini na kukanyaga kwa nguvu. Vidole vikigonga mbele, kiache, hata kiwe cha bure. Watu wanaogopa kupanda ila kucha zinang'oka wakati wa kushuka.

Kuhusu kuzuia maji. Kuna viatu vina utando ndani, wengi wanaita goreteksi hata kama sio. Unazuia maji yasiingie, kweli, ila maji yakiingia kwa juu, pale mguu unapoingilia, unayazuia yasitoke pia, na kiatu hicho hakikauki leo. Raba ya nyavu inalowa haraka na inakauka haraka. Nimechagua ya nyavu kwa kuwa tunaenda kiangazi. Ningeenda Novemba ningefikiria upya.

Soksi sasa. Soksi za pamba ziacheni nyumbani. Pamba inakunywa jasho inabaki nalo, ngozi inalainika, na ngozi laini ikisuguliwa ndo malengelenge hayo. Sufu nyembamba ile ya merino ukiipata mitumba ichukue bila kufikiri, ukikosa soksi za poliyesta za wachezaji zinafaa. Mimi navaa mbili, nyembamba ndani na nene kidogo juu, ili zisuguane zenyewe kwa zenyewe na sio ngozi yangu.

Juni, majaribio

Tulianza na msitu wa Rau, tambarare, jioni baada ya kazi, kuzoeza tu viatu. Halafu tukaenda kule kunakotesa, geti la Marangu mpaka Mandara, kituo cha kwanza cha kulala wapanda Kilimanjaro, na kurudi siku hiyo hiyo. Geti lipo kama mita 1,850 na Mandara ipo 2,720, kwa hiyo ni kupanda kwa maana na, kilicho muhimu zaidi kwetu, ni kushuka kwa maana.

Kwenye kushuka nilianza kusikia joto kisigino cha kushoto. Sio maumivu, joto tu. Kaka mgumu akasimama pale pale, akasema kaa chini vua. Nikasema bado sijaumia. "Ndo maana unavua sasa hivi dada, ukishaumia nitakusaidia nini?" Pakawa pekundu kidogo, akakausha jasho kwa kanga, akakata plasta ya kitambaa ile ya roli, akakata kona zake ziwe mviringo zisinyanyuke, akabandika moja kwa moja kwenye ngozi bila pamba. Nikafika chini salama na kesho yake nikaenda kazini na viatu vya kawaida. Tangu hapo roli ya plasta inakaa mfuko wa mbele wa begi, sio chini kabisa ya begi, maana ukiiweka chini utajiambia ngoja tufike.

Kingine alichonionyesha ni kufunga kamba. Raba nyingi zina tundu la mwisho kule juu ambalo hakuna mtu anayelitumia. Unapitisha kamba kwenye tundu hilo upande ule ule mpaka ifanye kitanzi kidogo, kila upande, halafu unavusha kamba ya kushoto kwenye kitanzi cha kulia na ya kulia kwenye cha kushoto, unavuta, unafunga. Kisigino kinakaa, hakinyanyuki, na vidole havisukumwi mbele. Ni bure na imenisaidia kuliko kitu chochote nilichonunua. Wakati wa kupanda unalegeza kidogo, kabla ya kushuka unasimama unakaza.

Fimbo. Mdogo wangu alikuwa anaziona za wazee. Alishuka nusu ya kwanza bila fimbo na nusu ya pili na fimbo mbili za kuazima, na hajaziachia tena. Sehemu ya uzito ikishikwa na mikono, goti linapumua. Sio lazima zile za alumini za kukunja, mti mwepesi ulionyooka unaofika kwenye kiwiko unafanya kazi, ila chonga ncha na uikague kama haina ufa.

Mwisho wa Juni, begi

Begi la mgongoni kazi yake ni kuhamisha uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga. Begi la shule haliwezi hiyo kazi hata uliboreshe vipi kwa kuwa halina mkanda wa kiunoni wa maana. Mkanda unatakiwa ukae juu ya mifupa ya nyonga, sio tumboni, ukishaufunga ndo unakaza mikanda ya mabega, na mabega yanashika tu begi lisianguke nyuma. Urefu wa mgongo ndo saizi ya begi, sio urefu wa mtu. Unapima kutoka ule mfupa unaotokeza shingoni ukiinamisha kichwa mpaka usawa wa juu ya nyonga. Mimi ni mrefu ila mgongo wangu ni mfupi, nilipovaa begi la mdogo wangu mkanda ulinikaa mapajani, likarudi. Nililolipata ni la lita 38, mitumba, zipu moja mbovu ambayo fundi cherehani aliibadilisha.

Wanaotembea njia ndefu wana kipimo cha begi lisizidi kama asilimia 20 ya uzito wako. Hata getini Kilimanjaro mzigo wa mpagazi wa kampuni unapimwa usizidi kilo 20, na huyo ni mtu wa kazi hiyo. Sisi tuliweka kila kitu kwenye mzani wa duka la mangi jirani, kimoja kimoja, na nilishangaa uzito ulipojificha: sio kwenye nguo, ni kwenye vichupa, chaja, taulo la bafuni, lotion ya nusu lita. Taulo likatoka ikaingia kanga. Kanga ni taulo, ni shuka, ni kivuli, ni ya kujifunga ukiingia kijijini na kwa masista, ni ya kukalia, na inakauka ikipepea nyuma ya begi. Mtengenezaji yeyote wa vifaa vya haiking angeigundua leo angeiuza bei mbaya.

Kwa mvua, sikutegemea kava la begi, maana upepo unalipeperusha na maji yanaingia mgongoni. Tunatumia mfuko wa ndani wa kiroba cha sukari, ile nailoni nene, unaisafisha unaitandika ndani ya begi na kila kitu kinaingia humo, unakunja mdomo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 ila hii ni ya vifungashio na wenye maduka wanazitupa. Koti la mvua nililijaribu kwa kusimama chini ya bomba la bafuni na nguo kavu ndani. Koti la kwanza, la mitumba, lilionekana zuri sana ila ndani mishono ilikuwa imebanduka utepe wake, likavuja mabegani pale pale mikanda ya begi inapokaa. La pili likapita.

Maji tunabeba lita mbili kila mtu na kujaza vijijini, tunatibu kwa WaterGuard au vidonge vya klorini na kusubiri nusu saa kamili. Chupa za kawaida za maji za lita moja, ni nyepesi kuliko chupa yoyote ya dukani.

Begi langu bila maji limefika kilo tano na nusu. La mdogo wangu saba, ana kamera yake na hakubali kuiacha, na mimi sijamlazimisha, kila mtu ana kitu chake kimoja kinachomfanya atembee.

Julai, njiani

Basi la Moshi likatushusha Mombo, pale kwenye barabara kuu ya Dar, kuna joto la bondeni. Ukipanda kikosta mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 za kona tu na ukifika juu umeshatafuta sweta. Lushoto ipo kama mita 1,400 na Julai usiku kunapiga baridi kwelikweli, mtu wa Dar atashtuka.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia inayosimamiwa na TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, unalipa kiingilio na unaingia na mwongoza njia wa pale Lushoto. Tulimpata kijana anayejua kila mti. Ndani ni giza la kijani, mbega weusi na weupe wanaruka juu, na ingawa ni kiangazi njia ilikuwa imelowa kwa ukungu na majani ya pembeni yamejaa umande. Raba zangu zililowa ndani ya dakika chache kama nilivyotegemea. Buti za mdogo wangu zilibaki kavu, akanionyesha kwa furaha. Mchana tulipotoka kwenye msitu jua likatoka, mpaka tunafika Lukozi mimi nilikuwa mkavu.

Kesho yake mambo yakageuka. Kuna kijito tulivuka, jiwe likayumba, mdogo wangu akaingia mguu mmoja mpaka juu ya kifundo. Maji yaliyoingia yakabaki humo. Alibadilisha soksi mara mbili njiani, na usiku kule Rangwi tukaijaza ile buti magazeti na kuyabadilisha kabla ya kulala, asubuhi bado ilikuwa na unyevunyevu. Hakupata lengelenge kwa sababu ya soksi za kubadilisha tu. Wote wawili tulikuwa sawa kwa sehemu yetu, na mwenye kupanga safari inabidi ajue maji yake yatatoka wapi, kwenye umande au kwenye mto.

Kilichonifundisha zaidi ni kati ya Lukozi na Rangwi. Huko sio njia ya watalii, ni njia ya watu, ya kwenda shamba, shule, mnadani. Pembeni ni makabichi, viazi na karoti mpaka kwenye miteremko ambayo mimi ningeogopa kusimama. Tukiwa tunashuka sehemu moja yenye udongo mwekundu mbichi, sote tunateleza, akatupita mama mmoja na tenga la karoti kichwani, miguuni amevaa katambuga, zile za tairi la gari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnaelekea wapi?"

"Mtae mama."

"Kwa miguu? Na gari lipo?" Akasimama, hakushusha tenga. Akatuangalia miguuni mmoja mmoja. "Hapo panapong'aa msikanyage. Kanyageni penye majani, hapa pembeni. Na mguu uwe wa upande, sio wa mbele."

Akaonyesha. Aliweka mguu wa upande, kidole hakitangulii, goti limekunjwa kidogo, hatua fupi fupi za haraka bila kusita, na akashuka mteremko wote namna hiyo tenga likiwa limetulia juu ya kanga aliyoikunja ngata. Tukajaribu. Kaka mgumu aliyebeba mizigo mlimani miaka yote alisema hii ya kufuata majani hakuwahi kuifikiria, kule juu hamna majani. Tangu pale hatukuteleza tena kwa maana ya kuanguka. Meno ya soli yangu yalikuwa yameshajaa udongo yamekuwa laini kama nyuma ya kijiko, kwa hiyo sio soli iliyonishikilia, ni mahali nilipokanyaga.

Nimeliwaza sana hili. Hata ule utafiti wangu wote wa viatu usingeniambia kuhusu udongo wa pale, ni anayeupita kila siku ndo anajua. Kwa hiyo kwenye orodha yetu ya maandalizi nimeongeza kitu: ukifika mahali papya, kabla ya mteremko wa kwanza, waulize watu wa pale wanashukaje, na uangalie miguu yao.

Rangwi kwa masista ni pasafi, chakula kizuri cha moto na blanketi nzito. Siku ya mwisho kupitia Sunga ni ndefu lakini sehemu kubwa inafuata mgongo wa mlima na barabara ya vumbi. Mtae tuliifikia jioni. Kijiji kimekaa kwenye ukingo mwembamba, unatembea barabarani na pande zote mbili ni bonde. Basi la kurudi Lushoto linaondoka alfajiri sana, kwa hiyo ulizieni jioni ile ile mkifika, na weka tochi ya kichwani juu ya begi.

Agosti, tulipofikia

Miguu yote sita imerudi bila lengelenge. Ukucha mmoja wa mdogo wangu umekuwa mweusi, buti zake ni fupi kidogo kwa mbele, siku ya kupima mguu ulikuwa unaingia ila mtaro wa sokoni sio mteremko wa Sunga. Soli yangu ya kulia imeanza kuachia kwenye ncha, ipo kwa fundi anashona kuzunguka kama alivyomfanyia kaka mgumu. Koti la mvua sikulivaa kabisa na litaendelea kubebwa. Vitu ambavyo hatukuvigusa na havitarudi begini: sufuria ndogo ambayo mdogo wangu aliingiza kimyakimya, suruali ya jinzi, na sabuni ya pili.

Hatua inayofuata ni Pare Kusini, kutoka Mbaga kupita msitu wa Chome mpaka kilele cha Shengena, ambacho kina kama mita 2,460. Huko tunataka kulala porini, kwa hiyo hesabu inaanza upya, hema na slipingbegi vinaingia na kilo tano na nusu haitawezekana tena. Hema tutaazima kwanza kwa mtu wa kampuni za mlimani kabla ya kununua, tulilaze nje hapa nyumbani usiku wa mvua tuone mishono. Kaka mgumu anasema kwa begi la kilo kumi na kitu hata mimi nianze kuangalia buti. Jumamosi tunarudi Memorial, mdogo wangu anatafuta namba moja zaidi, na safari hii tunabeba ubao mrefu wa kusimamia.